Kikombe cha Nne

Mwalimu wa chuo chenu alinipigia simu akasema vijana wanaohitimu wangependa kusikia kutoka kwa mzee aliyefanya kazi ya doria. Nikamuuliza vijana wangapi, nani aliwapa namba yangu, na kwa nini mimi na si mwingine. Akacheka. Sikuwa natania. Alitaka ukurasa mmoja wa jarida lenu, nami nimeandika zaidi. Mkiona pamekatwa, ulizeni ni nani aliyeshika mkasi.

Mimi ni Yussuf. Nimestaafu na cheo cha inspekta, naishi Garissa, nyuma ya soko la mifugo. Kwa miaka mingi niliongoza kikosi cha doria kati ya Bura na Sangailu, na kazi yetu kubwa ilikuwa kurudisha ngamia walioibwa. Babu yangu alikuwa Ugas, yaani mkuu wa ukoo, cheo ambacho mtu hukirithi kwa baba yake kama anavyorithi pua. Ndiyo maana nikiketi mgongo unanyooka. Kuketi nikiutazama mlango kuna sababu nyingine, mtaisoma. Hata msikitini navikagua viatu vya wenzangu kabla sijaingia, na mke wangu anasema siku nitakapokufa nitamwomba malaika kitambulisho. Astaghfirullah, lakini hajakosea sana.

Nianze na yenye faida. Siku hizi mnapewa droni na simu zenye ramani, na ni vitu vizuri. Nilikuwapo siku droni ya kwanza iliporushwa kwetu. Ilipaa, ikanguruma juu ya kundi la ngamia, ngamia wakatawanyika pande zote, na mzee mwenye mali akaishusha kwa jiwe moja. Kisha akaja kambini nayo mkononi kudai fidia ya usumbufu, na akasikilizwa. Basi rusheni droni zenu, lakini jifunzeni pia kutazama chini.

Aliyenifundisha kutazama chini ni Gedi. Alikuwa mfuata nyayo wa kikosi chetu, mtu mwembamba mwenye ndevu alizozitia hina, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Hakusoma hata darasa moja. Alinionyesha kwamba nyayo husomwa asubuhi au alasiri jua likiwa chini, na kwamba usizikanyage, tembea kando yake ukiwa na jua mbele yako. Ngamia aliyeibwa huburutwa mbio, kwa hiyo kinyesi chake hutawanyika njiani. Anayechungwa na mwenyewe hukiacha mahali pamoja. Haya hayapo kwenye simu zenu.

Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Kuna siku niliwaongoza askari kumi na wawili kwa nusu siku nikifuata alama za buti, nina hakika kabisa ni wezi, mpaka Gedi alipoinama akaokota ganda la peremende niliyokula mwenyewe asubuhi. Tulikuwa tumezunguka. Hakucheka mbele ya askari. Alinipa lile ganda, nikalitia mfukoni.

La mwisho alilonifundisha ndilo nililolipenda kuliko yote: ukifika kwenye boma, hesabu vikombe. Maneno ya mwenyeji yanaweza kupangwa, lakini hakuna anayekumbuka kuficha vikombe. Ukiona vitano na watu ni watatu, kuna wawili waliotoka lilipoonekana vumbi lako, na uwaulizie kwa upole. Kwa hesabu hiyo tulipata wezi wengi kuliko kwa bunduki.

Sasa niwaambie juu ya mwalimu wangu wa pili, ambaye alikuwa Mfaransa na alikufa karne nyingi zilizopita. Nilipokuwa chuoni kama ninyi, mkufunzi mmoja alinipa kitabu cha maisha ya kamanda wa Kifaransa wa zama za mikuki na mizinga ya kwanza. Jina lake silitaji kwa sababu nimelitamka vibaya maisha yangu yote. Alizaliwa katika nyumba ya heshima, ngome yenye jina kubwa na paa linalovuja. Hilo tu lilinitosha nimpende. Kwetu pia jina lilikuwa kubwa, na mvua ikinyesha tulihamisha magodoro.

Aliondoka kwao akiwa kijana, akatumikia mabwana wakubwa, akavuka milima kwenda kupigana Italia, akapigwa risasi ya paja na akapanda farasi kabla kidonda hakijafunga. Mfalme wake alimpa mji wa kulinda. Adui aliuzingira miezi mingi, na yeye ndani hakumwamini hata mpishi. Hakula mpaka mpishi ale kwanza. Nilikisoma kile kitabu jioni kambini, nikawa naona kama ninasoma barua ya mjomba.

Ndani ya mji ule mipango ilikuwa inavuja. Kamanda akawashuku watu watatu waliojua siri zake. Akamwita kila mmoja peke yake: wa kwanza akamwambia lango la kaskazini litaachwa bila walinzi, wa pili lango la mashariki, wa tatu la kusini. Kisha akaweka askari kimya kwenye malango yote. Adui akaja lango la kusini. Yule mtu wa tatu akanyongwa juu ya lango lile lile. Baada ya hapo sikujua kamanda aliishiaje, kwa kuwa mchwa wa kambini walikuwa wamekula kurasa zilizobaki. Mchwa wa Bura hawaheshimu historia.

Ukafika mwaka ambao sisi pia tulivuja. Ngamia waliibwa upande wa Sangailu, tukafuata, tukakuta majivu ya moto bado yana joto na watu wameondoka. Ikawa hivyo mara ya pili. Mara ya tatu kulikuwa na birika limeachwa lina chai ya vuguvugu, kama watu walioandalia wageni. Wenye ngamia walianza kunitazama vibaya. Mmoja aliniuliza mbele ya watu kama Ugas, babu yangu, angefufuka leo, angeniambia nini. Usingizi ulinipotea.

Penye yale majivu ya tatu Gedi alichuchumaa muda mrefu. Nyumbani tulisema Kisomali, lakini kikosini tulisema Kiswahili kwa sababu askari wengi walitoka bara, na Kiswahili cha Gedi kilikuwa cha sokoni, kila p kwake ni b.

“Afande, hii mtu naburuta kisigino ya kushoto,” alisema. “Mimi naona yeye mara tatu sasa.”

Nikamuuliza ni nani. Akasimama, akajipangusa mchanga.

“Mguu natambua. Jina habana.”

Alisema haraka mno. Mimi ninayesikiliza sauti za watu niliandika jambo hilo kichwani: Gedi anaficha kitu. Na kweli alikuwa anaficha, hapo sikukosea.

Waliojua mipango yangu walikuwa watatu: dereva, fundi wa redio, na Gedi. Dereva na fundi walitoka mbali, hawakuwa na jamaa hata mmoja kule. Mama yake Gedi, kwa upande mwingine, alitoka kwa watu wa upande ambao ngamia walikuwa wanapotelea. Na kwa baba, nyumba yake ilikuwa ndogo, haina Ugas wala mzee wa kutajwa kwenye kikao. Mnajua sisi tunavyopima mtu. Kabla hujamuuliza anafanya kazi gani, unamuuliza ni wa nani. Nilipima, na mizani yangu ikaniambia nilichotaka kusikia.

Nikakumbuka malango matatu. Kutoka Sangailu kuna laga tatu, mabonde makavu, ambazo mtu anaweza kupitisha ngamia wa wizi bila kuonekana. Nikamwambia dereva peke yake kwamba Alhamisi laga ya juu itakuwa wazi, haina askari. Nikamwambia fundi wa redio vivyo hivyo juu ya laga ya kati. Kwa Gedi niliichagua laga ya chini, nikamwambia Jumanne tukiwa njiani, na njia yetu siku hiyo ilipita Bura kwa mama yangu.

Hapa msome polepole. Tuliingia kumsalimia mama. Gedi alikuwa pamoja nami, na Bishar alikuwapo, mtoto wa baba yangu mdogo, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akija kwa mama kila wiki na kumletea sukari. Kwetu huyo haitwi binamu, ni ndugu. Mama akamimina chai ya maziwa ya ngamia, akauliza “Warran?” Mtu wa kwetu akikuuliza hivyo hajakusalimu tu, amekutaka utoe habari: umetoka wapi, umeona nini, unaelekea wapi. Kumnyima mwenyeji habari ni kumtukana, na kumnyima mama ni zaidi. Akataka kujua Alhamisi mchungaji wake awapeleke ngamia wapi ili wasiingie kati ya askari na wezi. Gedi alikuwa amekaa pale ananisikia, sikuweza kubadilisha hadithi. Nikamwambia mama laga ya chini haitakuwa na askari, wezi wanaweza kuipita, awapeleke kwingine. Tukamaliza chai, tukaondoka na dua zake.

Alhamisi alfajiri, askari wangu wakiwa wamejificha kwenye laga zote tatu, ngamia walikuja kwa laga ya chini. Arobaini na wawili, wakiswagwa na vijana waliotupa fimbo na kukimbia walipoona bunduki. Tuliwarudisha wote. Wenyewe waliimba. Yule aliyenitajia babu yangu alinishika mkono. Na mimi sikufurahi hata dakika moja, kwa sababu nilikuwa nimeshampata mtu wangu.

Nilimtoa Gedi mbele ya kikosi kizima, paredi ya asubuhi, askari wamesimama wima. Nikasema huyu ndiye aliyekuwa anauza safari zetu, na kwamba kwa nyumba aliyotoka nisingeshangaa. Ndiyo, nililisema hilo la pili. Gedi hakuapa wala hakulia. Alivua beji, akaiweka chini kwenye mchanga mbele ya miguu yangu.

“Afande, uliza ni watu wangabi walikunywa chai,” alisema.

Nikaona ananitukania nyumba ya mama yangu. Nikamwambia aondoke kabla sijamfunga. Ushahidi wa mahakamani sikuwa nao, nilikuwa na kitabu cha Mfaransa tu, kwa hiyo nilimfukuza kazi na kumwachia hukumu ya midomo ya watu. Hiyo kwetu haina rufaa. Haikupita wiki watu wa visimani wakaacha kumpa habari. Wakimwona wanajibu salamu na kunyamaza. Akahama na watu wake akaenda Buna, mbali kule Wajir kaskazini, alikoolewa binti yake.

Miezi ikapita. Zikanyesha rasharasha za kwanza, zile zinazolaza mchanga ukawa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Asubuhi moja nikaenda kwa mama. Nikashuka garini, na kwa mazoea ya Gedi nikatazama chini. Kutoka langoni mpaka mlango wa nyumba kulikuwa na alama za ndala mpya. Unyayo wa kulia safi. Wa kushoto ulikuwa umechora mstari mfupi nyuma ya kisigino, kila hatua.

Nilisimama pale mpaka mama akaniita kwa jina mara mbili. Bishar alivunjika mguu utotoni. Tulianguka pamoja kutoka mgongoni mwa ngamia mmoja, mimi nikainuka na yeye akashindwa kuinuka. Nilikuwa nimemwona akitembea kwa miaka arobaini, na sikuwa nimewahi kuutazama mguu wake kwa sababu ulikuwa mguu wa nyumbani. Waswahili walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekagua nguo za wenzangu.

Nikaingia. Vikombe viwili juu ya sinia, mama na Bishar. Ndipo nikahesabu vile vya Jumanne ile: cha mama, changu, cha Gedi, na cha nne. Kitabu kilisema hadithi moja, sikio moja. Mimi nilikuwa nimeitoa ile ya laga ya chini mbele ya masikio matatu nikaandika moja, kwa kuwa kusema nyumbani kwa mama sikukuhesabu kuwa ni kusema. Na zile safari tatu za majivu ya moto, kila moja nilipita Bura kwanza, nikanywa chai, nikatoa habari.

Nikamwambia Bishar asimame avae viatu. Alinitazama usoni, akajua, akaanza kuvitafuta viatu taratibu.

“Utamfunga ndugu yako kwa sababu ya alama kwenye mchanga?” mama akaniuliza.

“Nilimfukuza Gedi bila hata alama,” nikamwambia.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa mtu mzuri. Bishar nilimfikisha kituoni. Siku ya tatu wazee wa nyumba yetu wakakutana na wenye ngamia, wakakubaliana kwa mila, ngamia wakalipwa, mashtaka yakaondolewa. Wazee wakaniomba jambo moja: jina la nyumba ya Ugas lisitajwe popote. Nikakubali. Niliandika barua ya mistari miwili kwamba Gedi hakuwa na kosa, ikawekwa kwenye faili, na faili ikawekwa mahali faili huwekwa.

Kisha nikaenda Buna na wazee wawili na ngamia jike mzuri, haal, ambayo ni mali anayotoa mtu aliyemvunjia mwenzake heshima. Gedi alitupokea. Alitandika mkeka, akatupa maziwa, akaniuliza “Warran?” kama mwenyeji yeyote. Nikampa habari yote, kuanzia kitabu, laga, mpaka ndala. 

“Mguu ule niliutambua siku ya pili ya majivu,” akasema kwa Kisomali.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Ningesema mtoto wa nyumba ya Ugas ni mwizi, mimi mtoto wa nani? Ungenifukuza mapema zaidi.”

Ngamia yule Gedi alimkataa. Alisema ngamia ataliwa, na watoto wake wataendelea kuulizwa baba yao alifukuzwa kwa nini. “Jina langu ulilitoa mbele ya askari,” akasema. “Lirudishe mbele ya askari.” Nikasema inshallah. Mnaijua inshallah ya mtu anayetaka, na mnaijua ile nyingine.

Kila paredi nilisema ijayo. Kusimulia habari ya Gedi nisingeweza bila kutaja kikombe cha nne, na kikombe hicho kilikuwa cha nyumba yetu. Askari wakahamishwa mmoja mmoja, wakaja wapya wasiomjua. Siku moja simu ikalia kutoka Buna, nikaambiwa Gedi amezikwa jana. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia, na hilo pia nililifanya pasipo mtu kuniona.

Mwaka huu binti yangu Hibo, aliye chuo kikuu, alikipata kile kitabu maktaba, kizima, hakijaguswa na mchwa. Nikamwomba anisomee kwenye simu zile kurasa za mwisho. Kamanda alizeeka, akarudi kwenye ngome yake, akatengeneza paa, akafa kitandani. Uzeeni aliandika mambo yake yote. Amewataja farasi wake kumi na mmoja, kila mmoja kwa jina na rangi. Nikamuuliza Hibo, na yule mtu wa lango la kusini? Je, kosa lake lilithibitishwa? Kulikuwa na mtu mwingine aliyesikia? Akarudi nyuma, akatafuta tena. Hakuna. Hata jina lake hakuandika.

Nilimshukuru Hibo nikakata simu. Kesho yake ndipo mwalimu wenu alipopiga.

Basi ninyi ni askari, na hii ndiyo paredi niliyobaki nayo. Simameni wima kidogo. Gedi, mfuata nyayo wa kikosi changu, hakuuza siri yoyote. Aliyeitoa ni mimi, kwa mama yangu, Bura, vikombe vikiwa vinne. Aliyeipeleka kwa wezi ni ndugu yangu Bishar, wa nyumba ya Ugas. Mkipangiwa kazi Buna, waulizieni watoto wa Gedi, muwaambie mmelisikia hili kutoka kwangu. Wakiuliza mbona nimechelewa, msinitetee.